Kutoka Handeni Hadi Lushoto kwa Baiskeli: Tujiandae Vipi?

Mwezi wa Juni shule zinapofungwa, na mvua za masika zimekwisha, vijana wetu hawakosi jambo la kuwaza. Jumapili moja mama mmoja wa Handeni alinisimamisha nje ya kanisa, uso wake una mashaka.

"Daktari, mwanangu na wenzake watano wanataka kwenda Lushoto kwa baiskeli. Baba yake amekwisha kubali. Mimi nimekataa. Wewe unasemaje?"

"Wana mpango gani, mama?"

"Wanasema wataondoka alfajiri na jioni watakuwa wamefika."

Nilimjibu kwamba kwa mpango huo hata mimi ningekataa. Lakini safari yenyewe si mbaya, nikamwambia. Ni nzuri kwa mwili, ni nzuri kwa vijana kuiona nchi yao, na wapo watu wengi waliokwisha kuifanya wakarudi salama. Kasoro iko kwenye mpango. Wale vijana walihesabu kilomita tu, wakagawanya kwa saa. Hesabu hiyo inafaa kwa basi. Kwa mtu anayejiendesha kwa miguu yake haitoshi, maana kilomita 10 za tambarare na kilomita 10 za mlima ni vitu viwili mbalimbali kabisa kwa moyo, kwa magoti na kwa breki.

Nilimwomba mama yule aniletee kijana wake tuzungumze. Yafuatayo ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baadaye. Nayaandika hapa kwa kuwa najua nyumba yake si nyumba pekee yenye shauri la namna hii.

NJIA YENYEWE

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi, na siku hizi ni lami. Handeni iko juu zaidi kuliko Korogwe, kwa hiyo kwa jumla unashuka, ila usidanganyike: unashuka kwa kupanda. Ni vilima baada ya vilima, kila kimoja kidogo, na ni vidogo hivyo vinavyommaliza mtu, kwa kuwa kijana hupenda kuvipanda kwa kasi bila kuteremka. Akifika cha kumi, mapaja yamekwisha kuungua.

Kutoka Korogwe hadi Mombo ni kilomita 40 hivi, karibu tambarare, mashamba ya mkonge na milima ya Usambara ikiwa mkono wako wa kulia. Hapa miguu inapumzika, lakini macho na masikio hayapumziki. Hii ndiyo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, yenye mabasi na malori makubwa.

Kisha Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi. Mombo iko kwenye mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Maana yake ni kwamba unapanda kama kilomita moja nzima kwenda juu. Na mwinuko huo haukugawanywa sawasawa: sehemu kubwa iko kabla ya Soni, ambayo ni karibu nusu ya njia. Barabara ni nyembamba, imejikunja kama nyoka, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde.

Jumla ni karibu kilomita 140. Mwendesha baiskeli wa mashindano mwenye baiskeli nyepesi ya gia anaweza kuzimaliza kwa siku moja. Kijana mwenye Phoenix ya baba yake, ambayo peke yake ina uzito wa kilo 20 au zaidi, haina gia, na nyuma imefungwa begi na sufuria, hawezi, na asijaribu. Mimi napendekeza siku tatu za kwenda. Siku ya kwanza Korogwe. Siku ya pili Mombo tu, kisha kupumzika tangu kabla ya adhuhuri. Siku ya tatu kupanda. Kijana yule aliposikia siku ya pili ni kilomita 40 peke yake alicheka. Nikamwambia siku ya pili haiko kwa ajili ya kilomita. Iko kwa ajili ya mapaja yaliyochoka na vilima vya Handeni, ili yapate usiku mzima wa kujitengeneza kabla hujayaomba yakupeleke Soni.

Kuhusu msimu: Juni hadi Agosti ndiyo wakati wake. Ni kipupwe, jua si kali mno na njia ni kavu. Wakati wa mvua kubwa mawe na udongo huweza kuporomoka kwenye barabara ya Soni, na Januari na Februari joto la Korogwe na Mombo humtesa hata anayetembea kwa miguu. Tena kipindi hiki cha kipupwe huvuma kusi, ambayo huku kwetu hutoka kusini-mashariki. Ukitoka Korogwe kwenda Mombo inakusukuma mgongoni bila wewe kujua, nawe unajisifu kwamba una nguvu. Siku ya kurudi ndipo utakapoitambua, maana itakuwa usoni. Kwa hiyo weka saa nyingi zaidi kwa kurudi kuliko kwa kwenda.

NANI ASIENDE, AU AULIZE KWANZA

Mwenye homa asiende, hata kama amekwisha kulipa fungu lake la chakula. Mtu mwenye malaria akiongeza kazi nzito juu ya homa anajiweka katika hatari kubwa. Apime, atibiwe, amalize dawa, apumzike wiki moja au mbili; mlima hauhami.

Mwenye selimundu asiende safari ya namna hii. Kazi nzito, kukaukiwa maji, kisha baridi ya Lushoto usiku, ni mambo matatu ambayo kila moja peke yake huweza kuleta maumivu makali ya mifupa na kifua. Wazazi, kama mtoto wenu ana ugonjwa huo, msimwonee haya mbele ya wenzake. Aende kwa basi akawapokee juu. Mwenye kifafa vilevile asipande baiskeli kwenye barabara kuu wala kwenye mteremko.

Mwenye pumu anaweza kwenda ikiwa pumu yake imetulia na dawa yake ya kuvuta iko mfukoni mwake, si ndani ya begi la mwenzake aliyetangulia kilomita mbili. Mwenye kisukari anayechoma sindano azungumze na daktari wake kabla, kwa kuwa kazi ya miguu hushusha sukari, na kipimo cha dawa cha siku ya kukaa nyumbani chaweza kuwa kikubwa mno kwa siku ya safari. Watu wazima wenye presha nao waulize. Mama mjamzito, hapana budi kungoja.

Na ambaye hajapanda baiskeli tangu mwaka jana? Huyo si mgonjwa, lakini anahitaji wiki nne au tano za mazoezi. Aanze na kilomita 10 mara tatu kwa wiki, aongeze kidogo kidogo, na wiki moja kabla ya safari awe amekwenda walau kilomita 40 kwa siku moja akiwa na mzigo uleule atakaoubeba. Bila mzigo hajajipima.

BAISKELI IKUFAE WEWE

Maumivu mengi ya magoti ninayoyaona kwa waendesha baiskeli hayatokani na magoti. Yanatokana na kiti kilichowekwa chini mno. Jipime hivi: kaa juu ya kiti, mtu akushikie baiskeli, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukisogeza mguu nyuma ili sehemu ya mbele ya wayo ndiyo ikanyage, goti litapinda kidogo tu, na hapo ndipo kiti kilipo sawa. Vijana hupenda kiti cha chini ili waweze kukanyaga ardhi kwa urahisi, na kwa safari ya sokoni haina neno. Kwa siku tatu utalia.

Tako nalo lina habari yake, ingawa watu huona haya kuitaja kwenye ukurasa huu. Vidonda vya kukalia huletwa na jasho, msuguano na uchafu. Vaa suruali isiyo na mshono mnene katikati, paka mafuta ya mgando asubuhi, na kila jioni oga sehemu hizo kwa sabuni, ujikaushe, uvae nguo nyingine. Suruali ya jana usiivae leo bila kuifua. Mara kwa mara simama juu ya pedali kwa dakika moja ili damu ipite. Wanaume hasa wasipuuze ganzi inayoanza huko chini, na vidole vya mikono vikifa ganzi badilisha mahali pa kushika usukani.

Halafu breki. Hapa niliisimamisha baiskeli ya kijana yule mbele ya mama yake na kumwambia aivute mbele huku ameshika breki zote mbili. Ikaenda. Raba za breki ya nyuma zilikuwa zimeliwa hadi zilikuwa zinakaribia chuma, na moja ya mbele haikugusa rimu kabisa. Kwa breki hizo alikuwa anakwenda shule kila siku, maana njia ya shule ni tambarare. Raba nne mpya hazifiki bei ya kuku. Zinunuliwe kabla, na jozi nyingine iwekwe begini, pamoja na pampu, viraka na solusheni, tyubu ya akiba, spana na bisibisi, na kipande cha mpira wa ndani cha kufungia mzigo. Mzigo ukae chini na katikati ya keria. Begi mgongoni huchosha kiuno na kukunyima upepo.

Helmeti, ikipatikana, ivaliwe. Najua zinauzwa mjini tu na wengine huona ni mapambo ya wazungu. Mfupa ukivunjika twaufunga, lakini ubongo ukipondeka hatuna la kufanya kubwa.

MAJI, CHUMVI NA CHAKULA

Katika kupanda, misuli hugeuza chakula kuwa kazi na joto, na joto ndilo sehemu kubwa zaidi. Mwili hulitoa joto hilo kwa jasho. Jasho ni maji na chumvi kutoka katika damu. Maji yakipungua, damu inakuwa kidogo, moyo unapiga haraka zaidi kwa kazi ileile, kichwa kinauma, na mtu anaanza kuwa mkali kwa wenzake bila sababu. Dalili hii ya mwisho naitaja kwa makusudi: katika kundi, anayeanza kugombana kwanza mara nyingi ndiye aliyekaukiwa.

Kunywa kidogo kidogo kila baada ya dakika 15 au 20, jumla nusu lita kwa saa, na kwenye mlima au joto kali ikaribie lita moja. Usingoje kiu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano hafifu, vema, ukiwa kama chai ya rangi, simama kivulini unywe. Tena usivuke upande wa pili ukajaza lita tatu za maji matupu kwa mara moja, kwa sababu chumvi ya damu huzimuka, nako ni kuumwa. Kula kitu chenye chumvi pamoja na maji.

Beba pakiti chache za ORS kutoka zahanati au duka la dawa. Zikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga. Kina mama wanaufahamu mchanganyiko huu kwa ajili ya watoto wanaohara; unamfaa pia kijana aliyetoka jasho saa tatu. Chumvi isizidi. Onja: isiwe kali kuliko machozi.

Maji yatoke wapi? Yachemshwe au yatiwe dawa, hilo linajulikana. Lakini nina neno kwa ajili ya upande wa Handeni. Sote twajua shida ya maji ya wilaya ile ilivyo ya miaka mingi. Kijijini mtu atakupa maji akikuona una vumbi, wala hatakuambia kwamba ndoo ile imetoka mbali kichwani mwa mtoto wake. Anza safari na chupa zimejaa, nunua maji dukani njiani, na ukipewa ya bure kunywa kiasi cha kiu, usijaze vibuyu vya watu sita. Ukifika Korogwe usishuke Mto Pangani kuoga. Mto ule una mamba, na maji ya mto yana kichocho.

Kuhusu chakula, kula kabla ya njaa. Mtu anayekosa sukari mwilini katikati ya mlima hutetemeka, hutoka jasho la baridi, na miguu inagoma ghafla kama iliyokatwa. Usiku kula ugali au wali wa kutosha, na asubuhi uji na chapati au viazi vitamu saa moja na zaidi kabla ya kuondoka. Njiani ndizi mbivu, karanga, kipande cha muwa, machungwa ya Handeni. Nyama nyingi iache hadi jioni.

Sasa jambo lililonifanya niulize maswali zaidi ya niliyokusudia. Kijana aliniambia kwamba mwenzao mmoja ameahidi kuleta "kitu cha kutafuna" ili wasichoke. Mama yake hakuelewa, mimi nilielewa. Mirungi ni haramu kwa sheria za nchi yetu, na katika safari kama hii ina ubaya wa pekee: haikuongezei nguvu, inakuzuia usisikie uchovu, njaa na kiu, huku moyo unapigishwa mbio. Katika mashindano ya Tour de France ya mwaka 1967, Mwingereza Tom Simpson, aliyekuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia, alianguka juu ya baiskeli yake akipanda mlima Mont Ventoux kwenye jua kali la Julai, akafa. Madaktari walikuta mwilini mwake dawa za kuchangamsha na pombe. Zama zile pia waendeshaji waliaminishwa kwamba kunywa maji kidogo ndiyo ukakamavu. Yeye alikuwa na miguu iliyo bora kuliko yetu sote, na mwili wake ulikuwa umekwisha kumwambia asimame, ila alikuwa ameuzima mdomo.

Ukiona mwenzako ameacha kutoka jasho ingawa ana joto, anasema ovyo, au anayumba, usimpe moyo aendelee. Mlaze kivulini, mvue shati, mmwagie maji, mpepee, na tafuteni gari la kumpeleka hospitali mara moja. Hicho ni kiharusi cha joto na kinaua.

BARABARA KUU

Kati ya Korogwe na Mombo ondokeni mara kunapopambazuka, ambapo Juni ni kama saa 12 na nusu, na mwe Mombo kufikia saa 4. Asubuhi kuna ubaridi, na mabasi mengi yaliyoondoka Dar es Salaam alfajiri yanakuwa hayajafika. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo msidhani barabara ni yenu saa yoyote. Endesheni kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, na nafasi ya baiskeli tatu au nne kati yenu. Lori likija nyuma na jingine mbele, shukeni kabisa pembeni mkasimame. Nguo iwe nyeupe au ya njano. Giza lisiwakute, na wakikutwa, wasukume kwa miguu nje ya lami.

Aliye dhaifu awe mbele, ili ndiye apange mwendo. Mwenye nguvu na pampu awe wa mwisho. Vijana hufanya kinyume, na ndiyo sababu kila kundi lina mmoja anayefika saa mbili baada ya wengine, amenyamaza. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Handeni, Korogwe na Lushoto zina hospitali za wilaya; ile ya Korogwe ndiyo Magunga.

KUPANDA

Siku ya Mombo hadi Lushoto nitaisema kwa kifupi, kwani ngumu yake si ya akili. Anza asubuhi mapema. Usiendeshe kwa kasi inayokunyima kuzungumza. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, punguza. Ukishindwa tena, shuka usukume. Kusukuma si aibu. Mwenye baiskeli isiyo na gia atasukuma sehemu kubwa ya njia hadi Soni, na kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa hiyo ni kazi ya saa nne. Iwekeni kwenye mpango tangu mwanzo, kisha haitawavunja moyo. Kwenye kona sukuma upande ambao dereva anayekuja anaweza kukuona.

Soni kaeni saa nzima, maporomoko ya maji yapo hapo karibu na barabara, kuleni. Na kabla jasho halijakauka vaeni sweta. Mtu wa Handeni hawezi kuamini jinsi Lushoto ilivyo ya baridi mwezi wa Julai. Shati lililolowa, upepo wa mlimani na tumbo tupu humfanya mtu atetemeke wakati jua bado linaonekana. Beba sweta, soksi na blanketi, hata kama huko chini utachekwa.

Siku ya nne msiendeshe. Tembeeni taratibu hadi Irente, mtazame nyika iliyo chini mliyopita.

KUSHUKA

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wasome mara mbili. Watu huogopa kupanda, na kupanda kunachosha tu. Kushuka ndiko kunakoua.

Nikiwa kijana nilishuka kutoka Soni na Phoenix, nyuma nimefunga gunia la viazi mviringo. Nilikuwa mwepesi wa moyo kwa kuwa tabu ya kupanda ilikuwa imekwisha. Baada ya kona nne au tano nikasikia harufu ya raba inayoungua. Nilifikiri ni gari. Nilipobana breki zaidi, mkono ulikwenda hadi mwisho na baiskeli haikupungua hata kidogo. Mbele yangu kulikuwa na kona na baada ya kona bonde. Nilichagua ukuta wa mlima, nikaugonga kwa bega. Viazi vilifika chini kabla yangu. Kovu la kiwiko ninalo mpaka leo, na kila nikivaa shati la mikono mifupi mtu huniuliza.

Kilichotokea ni jambo la kawaida kabisa. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Ukiibana mfululizo kilomita mbili tatu, rimu inakuwa ya moto, raba inalainika na kuliwa, na joto likizidi hata tyubu huweza kupasuka. Mzigo unazidisha yote hayo. Dawa yake ni hizi hatua chache. Punguza mwendo kabla ya kona, mahali barabara imenyooka, siyo ndani ya kona. Bana, achia, bana, achia, ukibadilishana ya mbele na ya nyuma, wala usiibane ya mbele peke yake kwa ghafla, maana utarushwa juu ya usukani. Mwendo usizidi ule unaokuwezesha kusimama ndani ya urefu wa barabara unaouona. Kila baada ya kilomita mbili simama kabisa, shuka, sogeza mkono karibu na rimu usikie joto lake bila kuigusa, pumzisha vidole. Penye mchanga au majani mabichi nyoosha usukani usibane. Mvua ikinyesha, breki za chuma zilizolowa hushika nusu au chini ya hapo, shuka utembee.

Tena usishuke asubuhi mno. Mara nyingi milima hiyo huamka na ukungu, lami imelowa na dereva hakuoni. Ngojeni mpaka ukungu uinuke, kama saa 3 au saa 4. Mwenye breki zenye mashaka, au aliyechoka, apakie baiskeli yake kwenye gari hadi Mombo. Nauli hiyo itengwe tangu nyumbani na ikae kwa kiongozi wa kundi, isiliwe.

Mtu akianguka na kugonga kichwa, hata akiinuka akicheka, aangaliwe saa 24. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, kichwa kikizidi kuuma, au akisahau mambo, hospitali. Vidonda vya michubuko vioshwe mapema kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, naye aulize zahanati kuhusu sindano ya pepopunda.

USIKU NA BAADA YA KURUDI

Lalieni mahali mlipopatafuta kabla kwa simu, si mahali mtakapopatafuta gizani. Kila mmoja awe na chandarua chake. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Usambara ulionyesha kwamba malaria hupungua kadiri unavyopanda mlima, kwa hiyo usiku wa hatari zaidi kwenu ni ule wa Korogwe na ule wa Mombo, mnapokuwa mmechoka na hamtaki kuhangaika na kamba za chandarua. Na iwapo mtaandamana na jamaa wa Lushoto kushuka nao, kumbukeni kwamba aliyezoea mlimani hana kinga aliyonayo mtu wa bondeni. Yeye akipata homa huzidiwa upesi.

Mbu anayekuuma leo hakupi homa kesho. Hupita wiki moja au mbili, pengine zaidi. Kijana akirudi Handeni mzima, kisha siku ya kumi au ya kumi na tano akasema mwili unauma, watu wote watasema ni uchovu wa baiskeli. Uchovu wa baiskeli huisha kwa siku tatu au nne. Mpelekeni akapimwe siku ileile.

Mama yule alibadili neno lake, kwa masharti. Siku tatu za kwenda, siku moja ya mapumziko, raba mpya, nauli ya gari mfukoni mwa kiongozi, na yule mwenye kitu cha kutafuna abaki nyumbani. Kijana alikubali yote isipokuwa sweta. Mama akaifunga mwenyewe kwenye keria.